Mhuri wa Kisii: Siku Moja Nyabururu

Stempu niliyobeba mfukoni siku hiyo ilikuwa ya senti 6, nyekundu, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano. Ilitolewa wakati Kenya na Uganda zikiwa bado nchi lindwa za Uingereza na zikitumia stempu za pamoja. Senti hizo hazikuwa za shilingi, zilikuwa za rupia. Rupia iliondolewa 1920, ikaja florini ya muda mfupi, ndipo shilingi ikaingia. Watoza stempu wengi hupenda sura ya mfalme, lakini mimi naipenda nusu duara ya wino mweusi iliyopita juu ya ndevu zake, ambamo herufi za KISII bado zinasomeka.

Nilitoka mji wa Kisii asubuhi kwa bodaboda. Wazee wa Abagusii, wenyeji wa hapa, bado wanauita mji huo Getembe, na wengine Bosongo, yaani kwa wazungu. Tukapita migomba na majani ya chai hadi Nyabururu, misheni kongwe kuliko zote za Wakatoliki katika nchi hii ya vilima. Kwa Mkatoliki wa Kisii au Nyamira, jina hilo ni kama kitovu: huko ndiko babu alikobatizwa, na huko ndiko shangazi alikosomea.

Misheni hiyo ilianza nyakati ngumu. Mwaka 1908 Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, mtawala wa Kiingereza, akamjeruhi. Hadithi za Abagusii zinasema aliyemtia moyo ni Moraa, mwanamke mwonaji. Serikali ilileta askari, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa. Miaka mitatu tu baadaye, 1911, wakati machungu hayo bado mabichi, mapadri wa shirika la Mill Hill walijenga Nyabururu. Haukupita muda mrefu Wasabato nao wakaweka misheni yao kwenye kilima cha Nyanchwa, kando ya mji.

Kisha vita vikaja. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, na maofisa wa Kiingereza wakawa wameshaondoka. Tarehe 12 mwezi huo majeshi mawili yalipigana pale, Wajerumani wakarudi nyuma. Wenyeji walioona serikali imekimbia waliingia katika ofisi, maduka na misheni, wakachukua walichokiona. Nyabururu na Nyanchwa zote ziliporwa. Waingereza waliporudi, waliadhibu tena kwa kutwaa mifugo. Ukisimama leo katika utulivu wa uwanja wa kanisa, ni vigumu kuamini kwamba mahali hapa paliwahi kuhesabiwa miongoni mwa mali za mtawala.

Vita hivyohivyo viliacha kisa ambacho kila mtoza stempu wa Afrika Mashariki anakijua. Upande wa Wajerumani stempu zilipungua, basi mwaka 1916 mtambo wa misheni ya Vuga, kule Usambara, ukachapisha nyingine. Kabla hazijatumika, meli iliyopenya kizuizi cha Waingereza ilileta shehena mpya. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini, na baada ya vita zikafukuliwa na kuuzwa kwa watozaji wa Ulaya.

Nyabururu haikuchapisha stempu, lakini ilikuwa njia ya barua. Miaka mingi mtu wa kijijini hakuwa na sanduku lake la posta. Aliandikiwa kwa anwani ya kanisa au shule, na barua ikamfikia kwa mkono wa mwalimu au baada ya ibada, majina yakisomwa mbele ya watu. Mtoto aliyekwenda kufanya kazi Kericho au Nairobi alirudi nyumbani kwanza kwa sauti ya katekista akitamka jina la mama yake.

Mwaka 1960 Kisii ikawa jimbo la Kikatoliki, na askofu wake wa kwanza akawa Maurice Otunga. Mwaka 1973 akawa kadinali, na ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa Nairobi wakati Papa Yohane Paulo wa Pili alipozuru Kenya 1980, na tena 1985 kwa Kongamano la Ekaristi. Posta ya Kenya ilitoa stempu kwa matukio yote mawili, nami ninazo. Picha zake zinasimulia Nairobi, lakini mwenyeji wa sherehe hizo aliwahi kuwa askofu kwenye vilima hivi.

Jioni nilipanda Manga, upande wa Nyamira, ambako Abagusii waliheshimu Ngoro ya Mwaga kama mahali patakatifu kabla padri yeyote hajafika. Hakuna barua iliyotoka pale, wala mhuri uliogongwa. Kitabu changu cha stempu hakina ukurasa wa Manga, na nadhani huo ndio upungufu wake mkubwa kuliko wote.

Ndiyo sababu nina ombi kwa msomaji. Ukikuta barua za bibi ndani ya sanduku la mbao, usiloweke bahasha majini ili ubandue stempu. Iache mahali pake, na mhuri wake, na anwani ile ya kanisa iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Stempu peke yake utaipata dukani. Bahasha ya nyumbani kwenu haina ya pili.