Jezi ya Origi, Daraja Mbili

Kwenye mitumba ya Daraja Mbili niliwahi kuokota jezi ya Liverpool, mgongoni ORIGI. Mzee aliyekuwa akiuza akakataa kunipunguzia. "Huyo ni mtoto wa Shabana," akasema.

Mtoto wa Shabana aje? Divock alizaliwa Ubelgiji, 1995. Kumbe babake, Mike Okoth, kabla ya Kenya Breweries, kabla ya ubingwa wa Ubelgiji na Genk 1999, alichezea Shabana hapa Kisii. Timu iliyoanza 1980 kwa jina la duka, Shabana Hardware. Ndiyo, misumari na mabati. Mpaka leo mtajie mzee wa soko Henry Motego, straika wao wa enzi hizo, uone kama atakumbuka kukurudishia chenji.

Mimi sikuyaona hayo. Shabana ilishuka ligi kuu 2006, nikiwa chekechea. Juni 1, 2019, Divock alipofunga bao la pili dhidi ya Tottenham kule Madrid na Liverpool ikabeba Ulaya, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Timu ya babake ilikuwa ikihangaika ligi za chini, na sikuwa nimewahi kulipa kiingilio Gusii Stadium hata siku moja.

Ilirudi ligi kuu 2023, baada ya miaka 17. Mji mzima ukawa Tore Bobe. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, karo imenishinda, nakwepa maswali ya majirani. Nikaenda kwa yule mzee. Ya Origi ilishauzwa. Akanitolea ya Shabana, mpya.

Hakupunguza.