Jina la Mlipaji



Yupo mama auzaye sambaza katika soko la Kadutu. Miaka mingi huamka kabla ya jua, wala hamdhulumu mtu hata franga moja. Lakini akienda kuomba mkopo mahali wasipomjua, huulizwa: "Hati ya kiwanja iko wapi? Karatasi ya mshahara je? Zamani ulikopa kwa nani, ukalipaje?" Mama hana jibu. Mbele ya meza ile ni kama mtu aliyezaliwa jana. Basi, asiye na karatasi aanzie wapi kujipatia jina la mlipaji? Historia ya mji wetu wa Bukavu yaweza kutuonyesha njia.

Kwanza tukumbuke kwa nini wazee wetu waliziogopa karatasi. Zaire ilipotolewa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Siku ya Noeli ya 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za 10 zimekufa. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi chenye mpaka. Aliyeficha fedha ya mavuno chini ya godoro alibaki na makaratasi. Oktoba 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franga 1 ya Kongo. Pigeni hesabu: franga ile moja ilimeza zaire bilioni 300 za zamani! Vyama vya akiba na mikopo viitwavyo COOPEC, vilivyoenea Kivu miaka ya 1970, viliumia sana, na akiba ya wanyonge ikayeyuka kama chumvi mvuani. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule twazikumbuka noti za zaire kama vitu vya kuchezea.

Lakini pesa ilipokufa, kuaminiana hakukufa. Ilikuwapo likelemba. Akina mama kumi watoa kila mmoja kiasi kilekile, na mmoja achukua chote. Mara ijayo achukua mwingine, mpaka zamu iishe. Tazameni vizuri: aliyechukua wa kwanza ni mdeni wa wenzake tisa. Dhamana yake ni nini? Ni jina lake tu. Ila jina hilo lina udhaifu mmoja: halikuandikwa. Mama akihama Bagira kwenda Ibanda, uaminifu wake wote wabaki nyuma, naye aanza upya.

Wengine walikwisha kulifikiri jambo hili kabla yetu. Huko Lévis, katika nchi ya Kanada, Mkatoliki mmoja jina lake Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba tarehe 6 Desemba 1900. Akiba ya kwanza kabisa ilikuwa senti 10, na makusanyo ya kwanza yalifika dola 26.40 tu. Mapadri wengi walimsaidia, na mpaka wa chama kwa kawaida ukawa ni parokia. Kwa nini parokia? Kwa sababu humo watu hujuana: ni nani mchapakazi, ni nani mlevi, ni nani hulipa. Desjardins aliichukua sifa ya jirani, akaitia katika kitabu.

Hapa kwetu Kivu Kusini kazi hiyohiyo hufanywa na mutualité za mshikamano, ziitwazo MUSO kwa kifupi. MUSO ina masanduku matatu. La kijani ni la akiba za wanachama, nazo hukopeshwa kwao kwa faida ndogo. Jekundu ni la msaada wa msiba na ugonjwa. Kilichotolewa humo hakirudi. La buluu ni la fedha kutoka nje. Nalo la buluu halijazwi kwa maneno matamu. Mkopeshaji hufungua kwanza daftari la sanduku la kijani: nani alikopa, siku gani, alirudisha siku gani. Ndivyo historia inavyozaliwa pasipo hati ya kiwanja.

Februari 2025, kundi la M23 lilipoutwaa mji wetu, benki zilifunga milango. Wengi wenye fedha zao humo hawakuweza kuzifikia. Hapo tulijifunza tena kwamba mlango wa benki waweza kufungwa kwa siku moja, lakini ushuhuda wa jirani haufungwi na askari.

Kwa hiyo, ndugu, tusidhani kwamba asiyekopa kamwe ndiye aaminiwaye kuliko wote. Hana deni, ni kweli. Lakini hana pia shahidi. Aanze na kidogo, kwa ajili ya kazi wala si kwa ajili ya arusi ya kujionyesha. Alipe siku ileile aliyoahidi. Aandike, mkopeshaji atie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Akikwama, aseme mapema kabla ya siku kufika, kwani anayejificha aharibu jina lake kuliko anayechelewa. Wala asikope kwa huyu ili amlipe yule.

Dawa ya deni ni kulipa, twasema sote. Na tuongeze hili: kila deni lililolipwa likaandikwa ni tofali moja. Mama wa Kadutu anazo tofali nyingi tangu zamani; kilichobaki ni kuzipanga katika daftari.