Beni, Kalela na Fahari ya Mtu Aliye Ugenini

Zikitajwa ngoma za watu walio mbali na kwao, mawazo ya wasomi wengi hukimbilia kwa Wayoruba: ngoma za batá zilizovushwa bahari na watumwa hadi Kuba, na hata leo wanaozipiga pale Havana hutembea kifua mbele. Mfano mzuri, hatuna ugomvi nao. Lakini kwani sisi hatuna wa kwetu? Mtu wa Mbangala, huku Songwe, hahitaji meli. Akifika Tunduma amekwisha fika mpakani, na barabara inayoanzia hapo itamfikisha hadi migodi ya shaba ya Zambia, ambako vijana wa pande zetu, Wanyakyusa wakiwemo, walikwenda kuuza nguvu zao enzi za Mwingereza. Ngoma nazo zilisafiri.

Tuanze na beni. Ilizuka miji ya pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, ikichukua jina lake katika neno la Kiingereza la bendi. Dar es Salaam ikawa na vyama viwili, Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare, gwaride na mashairi ya kusutana. Vita vya 1914-1918 viliwasomba askari na wapagazi kutoka kila kabila, na beni ikaenda nao bara. Jeshi la Wajerumani lilipopita Fife mwezi Novemba 1918, kabla ya kusalimu amri Mbala, watu wa mpakani huku walikuwa tayari katikati ya njia ya ngoma hiyo. Unyasa ilizaa mganda na malipenga, ambamo vibuyu vinaimba badala ya tarumbeta. Kwenye migodi ya shaba ikaitwa mbeni.

Sasa, wahakiki wetu wengi wakiisikia beni hutoa hukumu haraka: kasumba! Mwafrika amevaa kofia ya mzungu, anajiita Kingi, basi ameuza utamaduni wake. Hoja hii ina mvuto, lakini inasoma vazi tu na kuuacha wimbo.

Hebu tuitazame kalela, mtoto wa mbeni. Mwaka 1951, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliiona ikichezwa Jumapili mjini Luanshya na vijana wa Kibisa, na mwaka 1956 akachapisha kitabu kidogo juu yake. Ngoma zenyewe zilikuwa mapipa ya mafuta ya galoni 44 yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. (Nani atasema hiyo si ngoma ya asili? Mgodini asili yao ilikuwa pipa!) Wachezaji walivaa suruali safi na viatu vinavyong'aa. Alikuwepo "mfalme" mwenye suti, "daktari" mwenye joho jeupe, na "muuguzi", mwanamke pekee, akipita na kioo na leso ili wachezaji wasiharibike sura. Hakuna hata unyoya mmoja. Lakini nyimbo zilisifu nini? Zilimsifu chifu wao, nchi yao na lugha yao, kisha zikawageukia makabila mengine kwa dhihaka, nao wenye kudhihakiwa walikuwa hapo hapo wakicheka. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina la utani.

Mitchell aliona kwamba ukabila ule haukuwa ule wa kijijini. Ulikuwa namna ya kuwatambua watu katika mji wenye wageni watupu. Ni kweli. Ila yeye ni mtu wa sosholojia, na kwetu sisi wa fasihi swali linabaki: kwa nini mtu aseme hayo kwa wimbo, tena akiwa amepiga pasi? Jibu langu ni kwamba fani ndiyo iliyobeba madai. Siku sita mchimbaji huyu aliitwa boi. Siku ya saba alivaa kama daktari akaisifu nchi yake kwa lugha yake mwenyewe. Akidai heshima ya mjini bila kuikana ya nyumbani, huyo amemwigaje mzungu?

Wakoloni wenyewe hawakuiona kuwa mchezo. Mei 1935 wachimbaji waligoma Mufulira, Nkana na Luanshya, na Luanshya watu sita wakauawa kwa risasi. Tume iliyoundwa kuchunguza iliuliza, pamoja na mengine, habari za chama cha mbeni. Serikali haiwaulizi maswali watu wanaoiga tu.

Kwetu, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza wizara ya utamaduni alisikitika kwamba wasomi wanajua dansi za Ulaya kuliko gombe sugu au mangala. Alikuwa na haki kusikitika. Lakini tangu hapo tumezoea kudhani kuwa ngoma ya taifa ni ile isiyoguswa na mji, na beni ikabaki kando, si ya kizungu, si ya "asili".

Na lipo suala la yule muuguzi, peke yake kati ya wanaume. Asidhani mtu kwamba ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Mombasa wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, vyenye vyeo na mashindano kama ya beni, na utafiti wa Margaret Strobel wa mwaka 1979 unaonyesha kwamba uongozi ulikuwa mikononi mwao wenyewe.