Umbo la Herufi na Hatima ya Maana

Utendi wa Mwana Kupona (1858) uliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo zina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Kwa hivyo "kuku" na "koko" huweza kuandikwa sawa, na msomaji hulazimika kutegemea muktadha. Hati za Kirumi, zilizosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ziliondoa utata huo. Hata hivyo, zilizua mwingine: "ngoa", yaani wivu, hutofautiana na "ng'oa" kwa ritifaa pekee.

Yafaa nikiri kosa langu. Niliwahi kusoma shairi kwenye tarakilishi kwa fonti nyembamba, nikaufasiri ubeti mzima kuwa ni wa wivu. Kumbe mshairi alikusudia kung'oa. Ritifaa ilikuwapo, jicho halikuiona. Tangu hapo, katika kusoma na kunukuu, huchagua fonti yenye ritifaa nene, inayotenga pia herufi l na tarakimu 1, hata kama haina mvuto. Wanakili wetu wa kale hawakuwa na hiari hiyo. Sisi tunayo, na mhakiki anayeipuuza hana budi kujilaumu mwenyewe.