Wakanada katika Utamaduni wa Marekani

Wakanada wanaohusika hapa ni watu waliozaliwa au kulelewa Kanada ambao kazi zao zilibadili namna Wamarekani wanavyocheza, wanavyojiburudisha na wanavyojitazama. Kwa kuwa nchi hizo mbili zinapakana, na Wakanada wengi huzungumza Kiingereza, mwenye kipaji aliyevuka mpaka kufuata soko kubwa zaidi hakuonekana mgeni, na baada ya muda alihesabiwa kuwa Mmarekani. Ndiyo maana mchango wao ni mkubwa kuliko unavyokumbukwa. Athari hiyo haifai kupimwa kwa umaarufu, maana nyota huzimika, bali kwa kile kilichoendelea kuishi mikononi mwa wengine.

Kwa kipimo hicho anatangulia James Naismith, aliyezaliwa mwaka 1861 karibu na Almonte, jimbo la Ontario, na kusoma katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Mwaka 1891, akifundisha katika chuo cha YMCA, yaani chama cha Kikristo cha vijana, huko Springfield, Massachusetts, aliagizwa kubuni mchezo wa ndani kwa ajili ya darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya majira ya baridi. Aliona kwamba wachezaji huumizana pale mmoja anapokimbia na mpira na wengine kumwangusha. Akakataza kukimbia nao, kisha akaliweka goli juu ya vichwa, mdomo wake ukielekea juu, ili shabaha ishinde nguvu. Wazo la kurusha kitu kwa kukipandisha hewani lilimjia kutoka mchezo wa utoto wake Ontario, ambamo watoto walilenga jiwe lililowekwa juu ya jiwe kubwa. Vikapu viwili vya kuchumia mapichi vilipigiliwa kwenye roshani ya ukumbi, kanuni 13 zikabandikwa, na mchezo ukaanza Desemba mwaka huo. Jina la Kiswahili, mpira wa kikapu, limevitunza vikapu hivyo hata baada ya kubadilishwa kwa pete ya chuma na wavu.

Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1898. Huko alimfundisha John McLendon, kijana Mweusi ambaye rangi yake ilimzuia kuchezea timu ya chuo, lakini ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa makocha walioujenga mchezo wa kasi unaotambulika leo. Mchezo huo, usiohitaji uwanja mpana wala vifaa vingi, ulikita mizizi katika vitongoji vya miji ya Marekani kiasi kwamba historia ya vitongoji hivyo haiwezi kuandikwa kwa haki bila kuutaja.

Katika sinema, Mary Pickford, mzaliwa wa Toronto wa mwaka 1892, alikuwa nyota mkubwa wa filamu bubu, yaani zisizo na sauti. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba mwaka 1919 yeye, Charlie Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith walianzisha United Artists, kampuni ya kusambaza filamu iliyomilikiwa na wasanii wenyewe. Hata upande wa wenye studio Kanada ilikuwa na watu wake: Jack Warner alizaliwa London, Ontario, na Louis B. Mayer alikulia Saint John.

Joe Shuster, mchoraji aliyezaliwa Toronto na kuhamia Cleveland utotoni, alimbuni Superman pamoja na mwandishi Jerry Siegel. Shujaa huyo alitokea mwaka 1938 na kuzaa jamii nzima ya mashujaa wa hadithi za vibonzo, ilhali wabunifu wake walikuwa wameuza haki zao kwa dola 130, malipo ambayo hayakulingana hata kidogo na walichokitoa.

Marshall McLuhan, mzaliwa wa Edmonton, hakuhamia Marekani moja kwa moja. Alifundisha Toronto, na kutoka huko akawafundisha Wamarekani kwamba chombo cha habari chenyewe hubadili jamii kuliko habari kinazobeba. Usemi kwamba dunia imekuwa kijiji, unaosikika pia katika hotuba za Kiswahili, uliwafikia watu wengi kupitia maandishi yake ya miaka ya 1960.

Katika muziki, wanne kati ya wanamuziki watano wa kundi la The Band, lililosifika kwa nyimbo kuhusu Kusini mwa Marekani, walikuwa Wakanada. Neil Young, mzaliwa wa Toronto, aliandika wimbo wa Ohio baada ya askari wa ulinzi wa jimbo la Ohio kuwaua wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Kent State tarehe 4 Mei 1970, na wimbo huo ukawa sauti ya hasira ya kizazi kizima cha Wamarekani. Yeye mwenyewe alipata uraia wa Marekani mwaka 2020.