Boriti, Bandari na Makaa ya Mawe: Lamu na Amana ya Ardhi



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), aliyetujaalia kuufikia mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, kila Ramadhani twakumbushwa historia ya Badr na ya Fat-hu Makka, na ni jambo jema sana. Lakini kuna historia nyingine iko hapa hapa pwani kwetu, na vijana wengi hatuijui. Ni historia ya msitu, bahari na watu wa Lamu. Nimeichagua kwa sababu ndani yake mna swali ambalo siku ya Qiyama hatutalikwepa: mali ya asili ikitoka mahali, ni nani anayefaidi, na ni nani anayebaki na hasara?

MTI ULIOJENGA GHUBA

Tuanze na mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Watu wa kule hawauoni kuwa mti mmoja. Wana mkoko wenyewe, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi, na kila mmoja una kazi yake. Wakataji huingia kwenye vijito kwa mashua, wakakaa humo siku kadhaa, wakakata kwa shoka na kuitoa miti kufuatana na maji kujaa na kupwa. Kisha huipanga kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na huihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Biashara hii si ya jana. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeishi karne ya 10, ameandika kwamba nyumba za mji wa Siraf, katika pwani ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Zanj ndiyo sisi, ndugu zangu! Kwa zaidi ya miaka elfu majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia, na kusi ikianza yakarudi yamesheheni boriti. Kule Ghuba ilikuwa jangwa, miti mirefu iliyonyooka haikuwapo, na boriti zetu hazikuliwa upesi na mchwa. Ndiyo maana nyumba za zamani za Lamu na zile za Kuwait au Bahrain zina vyumba vyembamba karibu sawa. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba.

Kwa hivyo tuseme wazi: ukataji peke yake si dhambi. Wazee walikata karne baada ya karne na msitu ukabaki. Walikata kwa shoka, kwa msimu, na aliyekata leo alijua mwanawe atakata pale pale kesho. Kilichogeuka ni nini?

MWENYE MSITU AOMBA RUHUSA

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali. Kwa kalamu moja, mtu aliyerithi kijito kutoka kwa babu yake akawa ni wa kuomba leseni. Uhuru ulikuja, lakini sheria hiyo haikuondoka na Mwingereza. Wakati huo huo soko lilikuwa ng'ambo, na bei iliamuliwa huko huko.

Ilipofika mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi. Sababu ilikuwa nzuri, maana msitu ulikuwa umeanza kuchoka. Mikoko ndiyo malezi ya samaki, kamba na kaa wanapokuwa wadogo, na mizizi yake ndiyo inayoshika tope ili pwani isiliwe na mawimbi. Lakini hebu tuangalie upande wa pili. Mkataji ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu aliambiwa aache, na hakupewa kazi badala yake. Mwaka 2018 serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu yake yote nchini, wakataji wa Lamu walikumbwa tena, ingawa mjadala uliozaa amri hiyo ulikuwa juu ya misitu ya milimani inayotoa maji ya mito.

Funzo la kwanza ni hili. Hata kuhifadhi mazingira kunaweza kuwa dhulma, ikiwa mzigo wote anabebeshwa fakiri na hakuna aliyemuuliza ataishi vipi.

BANDARI YA MANDA

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET. Ulikuwa mradi mkubwa kweli kweli: bandari ya gati 32, bomba la mafuta, reli, barabara, uwanja wa ndege. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Sasa wapo watakaosema, "Wewe mwanafunzi wapinga maendeleo." La, hasha! Kijana wa Lamu anataka kazi kama kijana wa Nairobi anavyotaka. Swali si bandari ijengwe au isijengwe. Swali ni nani alishauriwa, na nani alilipa gharama.

Wavuvi wengi wa Lamu wana vyombo vidogo, vya tanga au vya mashine ndogo. Wakati wa kusi bahari kuu huchafuka na chombo kama hicho hakivuki miamba. Miezi hiyo mvuvi hutegemea maji ya ndani, ndani ya visiwa, na ghuba ya Manda ni katika maji hayo. Hapo ndipo palipochimbuliwa ili meli kubwa zipite. Tope likatibuka, mikoko ikakatwa, na sehemu za uvuvi zikafungwa. Mtu wa bara anaweza kusema, "Si waende mbali kidogo?" Kwa mashua ipi, ndugu yangu?

Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2012. Ilichukua miaka sita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi ule ulivunja haki zao: haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari, na haki ya utamaduni wao. Ikaamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ni ushindi mkubwa. Lakini hukumu ni jambo moja na pesa mkononi ni jambo lingine: rufaa na mazungumzo vilifuata, na miaka ikapita wavuvi wakiwa bado wanadai.

Na ardhi ya bara nayo ilikuwa na yake. Habari za bandari zilipoenea, wenye pesa walikimbilia Lamu. Mnamo Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufuta hati za karibu ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22 kati ya 2011 na 2012. Hebu tafakari! Familia zilizolima vizazi kwa vizazi hazina hata karatasi moja, na kampuni zimepata ekari nusu milioni kwa muda wa miaka miwili.

MAKAA YA MAWE YA KWASASI

Kisha likaja la tatu. Kampuni ya Amu Power ilipanga kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 kule Kwasasi, upande wa bara, unaochoma makaa ya mawe. Makaa yenyewe hayako Lamu. Yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, na baadaye yachimbwe Kitui. Umeme ungekwenda kwenye gridi ya taifa. Lamu ingebaki na moshi, jivu, na maji ya moto yakirudishwa baharini. Na huu ni mji ambao mji wake wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni. Wenyeji wakiongozwa na Save Lamu, ambao ni muungano wa vikundi vya watu wa pale, walipinga. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ile. Na hapa nataka vijana wenzangu tusikilize vizuri, maana sababu yake ni kubwa. Jopo liliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi kabla utafiti wa athari zake haujafanywa. Utafiti ulipokamilika, wenyewe hawakupata nafasi ya haki ya kuujua na kuujibu. Kwa lugha ya mtaani: watu waliitwa, wakaonyeshwa picha nzuri, basi. Waliokwenda kuhesabu waliohudhuria wakasema "wameshirikishwa."

Baada ya hapo wafadhili walianza kujiondoa. Mwaka 2020 benki ya ICBC ya Uchina ikaacha mpango wa kuugharamia. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Malindi ikaitupa. Watu wa visiwa, wengi wao wavuvi, mabaharia, akina mama wa nyumbani na walimu wa madrasa, walisimama mbele ya mradi wa dola bilioni mbili kwa njia ya sheria, na haukujengwa. Alhamdulillah.

HIMA YA SAYYIDNA UMAR

Wengine hufikiri mambo ya mazingira ni mambo ya Wazungu. Kumbe sisi tunayo katika vitabu vyetu tangu zamani. Bwana Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na aliweka hima, yaani eneo lililohifadhiwa kwa maslahi ya wote.

Sayyidna Umar (r.a.) naye alikuwa na hima. Imam Bukhari amepokea kwamba alimweka mtu aitwaye Hunayy kuilinda, akampa maagizo ya ajabu. Alimwambia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, maana dua hiyo hujibiwa. Akamwambia mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache amruhusu aingie kulisha, lakini ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na ya Ibn Affan. Hawa ni maswahaba wakubwa, matajiri, waliobashiriwa pepo! Kwa nini basi? Kwa sababu, alieleza Umar, tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba yake na mitende yake ya kurudia. Fakiri yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul-muuminina kulia. Na kumpa maji na majani, alisema, ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Isome tena hiyo, halafu uikumbuke ile bilioni 1.76. Kumwachia mvuvi maji yake kungekuwa rahisi kuliko kuyachukua na kisha kuhangaika naye mahakamani miaka na miaka. Umar aliijua hesabu hii zaidi ya miaka 1,300 kabla ya LAPSSET. Tena hakuishia hapo. Alikiri kwamba watu wa ile ardhi wanaona wamedhulumiwa, kwa kuwa ni nchi yao, waliipigania wakati wa Jahiliyya na wakasilimu wakiwa juu yake. Akaeleza kuwa lau si haja ya wanyama wa kubebea wapiganaji, asingewazuilia hata shubiri moja. Huyo ni mtawala anayetambua haki ya mwenyeji hata pale anapolazimika kuchukua. Serikali zetu zinaweza kujifunza hapo, na sisi pia tutakapopewa madaraka kesho.

JE, SISI VIJANA?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, tena bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Mlango uko wazi. Lakini ripoti za athari za mazingira ni kurasa mamia kwa mamia, za Kiingereza kigumu, na muda wa kutoa maoni huhesabiwa kwa siku. Mzee wa Pate au wa Kiunga atazisoma vipi?

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Msikiti una vijana wa chuo kikuu, una mawakili, una walimu wa sayansi. Baada ya tarawehe tunakaa barazani tukizungumza mpira wa Uingereza mpaka daku. Si haramu. Lakini usiku mmoja kwa wiki hauwezi kutosha kuisoma ripoti ya mradi wa mtaani kwetu, kuifasiri kwa Kiswahili, na kuandika barua ya maoni yenye sahihi za watu? Machimbo ya mawe yakiletwa karibu na kisima, kiwanda kikimwaga maji machafu mtoni, ufuo ukizungushwa ukuta, tusingoje mpaka mahakamani. Watu wa Lamu walishinda kesi ya makaa kwa sababu walikuwepo, waliuliza, na waliweka kumbukumbu.

Na tusisahau yetu wenyewe. Mwezi huu wa kujizuia, misikiti yetu humwaga maji ya udhu ovyo, na baada ya futari vikombe vya plastiki huishia mtaroni na kisha baharini. Anayedai haki ya bahari kwa wakubwa aanze kwa kuitimiza yeye.

Tumuombe Allah (s.w.t.) atupe viongozi wenye khofu ya dua ya mdhulumiwa, awape wavuvi na wakataji wa Lamu riziki ya halali, na atujaalie sisi vijana tuwe walinzi wema wa amana aliyotupa. Amin.

Wallahu a'alam. Ramadhan Mubarak.