Hati Mbili za Kasongo

Februari 1871, katika kijiji alichokiita Bambarre, ndiyo Kabambare yetu ya leo, huku Maniema, mashariki ya Kongo, David Livingstone alikuwa akimwandikia barua rafiki yake Horace Waller wa Uingereza. Vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza kijijini hapo kwa miezi. Katika siku zile za Maniema karatasi zilimwishia, na wino pia. Akawa anaandika kwenye vipande vya magazeti ya zamani, kwa wino alioutengeneza kutokana na mmea wa huku. Jina la mmea huo aliliandika zingifure, na msomaji wa Kiswahili akiliona atakumbuka mara moja zingifuri, ile rangi nyekundu ya mbegu za mzingifuri.

Alipofika Nyangwe, mwishoni mwa Machi mwaka ule ule, aliendelea kuandika juu ya gazeti la The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, mistari yake ikikatiza ile iliyochapwa. Humo ndimo alimoandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Wino wa zingifuri haukudumu. Ulififia hata kurasa zikawa kama gazeti kuukuu lililomwagiwa chai. Ilichukua miaka 140, mpaka 2011, ndipo kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipozipiga kurasa hizo picha kwa mianga ya aina nyingi, pamoja na ile isiyoonekana kwa jicho, maandishi yakatokea tena. Na yalipotokea, ikaonekana kwamba alichokiandika juu ya mauaji yale hakikuwa sawa kila mahali na kitabu cha safari zake kilichochapwa London mwaka 1874.

Lakini kamera ilirudisha wino tu. Livingstone aliandika mwandiko wa kuunganisha, herufi moja ikishikana na ya pili, na palihitajika watu waliozoea mwandiko huo ili kuyasoma. Kama wasingekuwapo, mashine zote zile zingekuwa zimeokoa michoro.

Naanza na Livingstone kwa sababu swali linalozungumzwa sana siku hizi, kama shule ziendelee kufundisha watoto mwandiko wa kuunganisha, kwetu Kasongo na Kabambare si swali geni. Sisi tumekwisha kupoteza mwandiko mmoja mzima. Tunajua gharama yake, ingawa hatujakaa tukaihesabu.

Kiswahili kina neno moja zuri kwa jambo hili: hati. Mtu mwenye hati nzuri ni mtu mwenye mwandiko mzuri. Na hati ya nyumba au hati ya shamba ni karatasi inayothibitisha kwamba mali ni yako. Kwa wazee waliotuachia lugha hii, mkono ulioandika na ushahidi uliobaki vilikuwa kitu kimoja.

Hati ya kwanza ya Kasongo ilikuja na Waungwana wa pwani. Katikati ya miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu, na pamoja na bunduki, nguo na shanga zilifika kalamu za matete. Barua zilikwenda na kurudi kati ya Kasongo, Nyangwe, Kabambare, Ujiji, Tabora na Unguja. Ziliandikwa kwa Kiarabu, na nyingine kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sisemi kwamba yote yaliyoandikwa yalikuwa ya heri. Kalamu ile ilihesabu pembe za ndovu, na ilihesabu watu waliotekwa. Ndiyo sababu mojawapo inayonifanya nitake isomeke. Tippu Tip mwenyewe, alipokwisha kurudi Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kilatini na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Bila mtu aliyezijua hati zote mbili, kitabu hicho, ambacho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za Kiswahili, kisingetufikia.

Mwandiko wa Kiarabu ni wa kuunganisha kwa asili yake. Hakuna namna ya kuuandika kwa herufi zilizotengana, kama inavyowezekana kwa herufi za Kilatini. Ziko herufi sita tu zisizoishika ile inayofuata: alifu, dali, dhali, ree, zee na wawu. Nyingine zote hushikana. Mtoto wa chuo alianza kwenye ubao wa mti, na wino wa masizi. Akikosea, maji yanafuta. Na wapo waliofuta aya zilizoandikwa na kumpa mgonjwa maji yake anywe, ndiyo kombe, inayojulikana pwani mpaka huku. Mkono uliozoea hivyo ulihama bila taabu kutoka kuandika sura hadi kuandika barua. Kiswahili hakikukaa vizuri sana ndani ya vazi hilo, tukubali. Kiarabu hakina herufi ya p wala ya ch, na sauti kama mb mara nyingi iliandikwa b tupu, msomaji ajijazie mwenyewe. Aliyeijua lugha alijijazia. Asiyeijua alikwama.

Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, yakiongozwa na Dhanis, yaliingia Kasongo, na Januari 1894 Kabambare nayo ikatekwa. Mji wa Tippu Tip ukaachwa, mahali pake pakaitwa Tongoni, yaani kwenye mahame, jina linalotumika mpaka leo. Wachunguzi wa mambo ya kale, Wakongomani na wageni, wamechimba huko katika miaka ya karibuni. Karatasi nazo zilichukuliwa na washindi. Mwaka 2020 mwanachuoni wa Brussels, Xavier Luffin, alitoa kitabu kinachokusanya nyaraka za Kiarabu na Kiswahili za miaka ya 1880 hadi 1899 zilizomo katika makavazi ya Ubelgiji: barua, mikataba na nyinginezo. Maelezo ya kitabu hicho ni ya Kifaransa.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Zimo barua zilizoandikwa na Waungwana wa Kongo kwa Kiswahili, lugha ambayo mama wa Kasongo anaitumia leo sokoni, na wajukuu wa waandishi wale wanangoja kufasiriwa kwa Kifaransa. Barua yenyewe hawaiwezi. Ikisomwa kwa sauti, wataielewa karibu yote. Kinachowazuia ni umbo la herufi tu.

Hati ya pili ililetwa na mapadri. Mapadri Weupe walifungua misheni Kasongo mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mkataba wa tarehe 26 Mei 1906 kati ya serikali ya Leopold na Vatikani uliziweka shule mikononi mwa misheni. Vyuo vya Kurani havikutambuliwa kuwa shule. Wazazi wengi Waislamu, kwa hofu ya watoto wao kubatizwa, waliwazuia nyumbani, na matokeo yake ni kwamba eneo lililokuwa na watu wanaojua kuandika kabla ya Mbelgiji kufika lilihesabiwa kuwa la watu wasiosoma. Shule za Kiislamu zilikuja kuingia katika mfumo wa serikali mwishoni mwa miaka ya 1970 tu, enzi ya Zaire.

Katika shule za misheni mwandiko ulikuwa somo kamili, lenye saa yake na pointi zake: kaligrafi. Wenzetu wa Tanzania na Kenya, waliopitia mikono ya Mwingereza, mtoto wao huanza na herufi zilizotengana kama za kitabuni, kisha baadaye, akijaliwa, huziunga. Kwetu mtoto huanza kuunga tangu darasa la kwanza, kama Ubelgiji na Ufaransa. Kaye, yaani daftari, ina mistari myembamba ya kupima urefu wa l na mkia wa g. Zamani kalamu ilikuwa ya kuchovya kwenye kidau: unaposhuka unakandamiza, mstari unanenepa, unapopanda unalegeza, unakuwa mwembamba kama uzi. Ufaransa yenyewe iliruhusu biki shuleni mwaka 1965 tu. Na kwa aliyetumia mkono wa kushoto kulikuwa na fimbo. Hilo lilikuwa kosa, na popote lilipobaki ni kosa bado.

Mkono mzuri ulikuwa ngazi ya maisha. Kijana mwenye hati iliyonyooka alikuwa karani wa ofisi ya teritori, wa mahakama ya chifu, wa kampuni ya madini au wa posta. Patrice Lumumba, mzaliwa wa Onalua ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi, alikuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, kabla dunia haijamjua. Karani hakupendwa na kila mtu, maana alikuwa jicho la mzungu. Hata hivyo vitabu alivyovijaza ndivyo vinavyosema leo nani alizaliwa wapi, nani alimwoa nani, shamba la bondeni lilikuwa la ukoo gani kabla ya kesi. Rejista za ubatizo na vitabu vya mahakama za zamani vimeandikwa kwa mwandiko ule ule wa kuunganisha. Vile vilivyonusurika, maana maasi ya 1964 na vita vilivyofuata tangu 1996 havikuhurumia makabati ya karatasi.

Sasa dunia inasitasita. Ufini iliacha kuufundisha kwa lazima mwaka 2016, ikaweka kupiga chapa. Marekani, miongozo ya pamoja ya mwaka 2010 haikuutaja, na majimbo mengi yakauacha. Kisha yakaanza kurudi, na California ilipitisha sheria mwaka 2023 inayoudai kuanzia darasa la kwanza hadi la sita. Wanaoutetea hupenda kuutaja utafiti wa Norwei wa 2024, ambapo wanafunzi 36 walipimwa ubongo wakiandika kwa mkono na wakibonyeza vitufe, na ubongo ukaonekana kushirikiana zaidi ndani kwa ndani walipotumia mkono. Mimi siutegemei sana kwa swali hili. Unapima mkono dhidi ya vitufe. Hauthibitishi kwamba herufi zilizoungwa zinazidi zilizotengana.

Mfano unaonigusa ni wa Ujerumani. Kuanzia 1915 watoto wa Prussia walifundishwa mwandiko ulioitwa Sütterlin, na mwaka 1941 serikali ikaufuta. Leo Mjerumani anafungua sanduku la bibi yake na kukuta barua za Kijerumani asizoweza kuzisoma. Hamburg kuna wazee wanaojitolea kuwasomea watu barua za namna hiyo. Wana bahati: barua ziko sandukuni, na wazee wako mtaani. Sisi barua zetu ziko Ubelgiji.

Najua mwalimu wa Kabambare atanijibu nini. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwezi wa Septemba 2019, madarasa yamefurika, na mshahara hauji kwa wakati wake. Kupita kaye kwa kaye kuangalia mkia wa g ni kazi ya mwalimu mwenye watoto thelathini, si ya mwenye watoto wanaokaa watatu watatu juu ya tofali. Anasema kweli. Wala sidai kila mtoto awe fundi wa kaligrafi. Ila vijiji vingi vya kwetu havina umeme, sembuse kompyuta. Kuacha mwandiko huku hakuna maana ya kuhamia kwenye vitufe. Ni kuacha tu. Na nchi yenyewe bado inadai mkono: insha ya mtihani wa serikali inaandikwa kwa biki, barua ya kuomba kazi mara nyingi inatakiwa iwe ya mkono wa mwombaji, na kitabu cha vizazi kwenye ofisi ya sekta bado kinajazwa na karani.

Kwa hiyo naomba mawili. La kwanza, tusiuguse mwandiko wa kuunganisha katika darasa la kwanza na la pili, na kuanzia la nne mtoto apewe karatasi ya zamani aisome, hata nakala ya ukurasa mmoja wa parokia au wa mahakama. Kusoma hati ya mtu mwingine ni ujuzi wa peke yake, na hakuna anayeufundisha. La pili, shule zetu za Kiislamu zitumie hazina ziliyonayo. Mtoto wa Kasongo anayekwenda chuoni jioni anazijua tayari herufi za Kiarabu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi katika madarasa ya chini, na lugha hiyo kwetu ni Kiswahili. Aonyeshwe tu kwamba herufi zile zinaweza kubeba lugha ya mama yake, na barua za 1890 zitakuwa karibu naye kuliko zilivyo karibu na profesa yeyote.

Somo la kwanza linaweza kuwa jina la mji. Kwa hati ya misheni, Kasongo inaandikwa kwa mkupuo mmoja: ukishaivuka K, kalamu hainyanyuki mpaka o ya mwisho. Kwa hati ya Waungwana kafu inashika alifu, mkono unanyanyuka. Sini inashika wawu, unanyanyuka tena. Ghaini, ukipenda na nuni mbele yake, inashika wawu ya mwisho. Vipande vitatu, na mtoto akivisoma kimoja kimoja kutoka kulia atasikia ka, so, ngo.